Mistari Niliyoiruka

Jumapili, tarehe 18 Machi. Singida mjini.

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu nilipoondoka nyumbani Rungwa juu ya lori la asali. Alfajiri mvua imenyesha kidogo ikakatika. Sasa ni upepo tu, ule upepo wa Singida unaotikisa mabati mpaka unadhani kuna mtu anadai kufunguliwa mlango.

Deni langu liliisha jana.

Nimechapa sentensi hiyo halafu nimekaa naitazama. Dada Neema, mwenye chumba hiki cha intaneti hapa karibu na stendi, amepita nyuma yangu akauliza kama mashine imekwama. Nimemwambia mashine ni nzima, aliyekwama ni mimi. Yeye ndiye aliyenifungulia ukurasa huu mwaka jana, nilipokuja kuuliza bei ya dhahabu huko duniani nikakuta bei iko juu na mimi niko chini. Aliniambia, "Kaka, kwa jinsi unavyolalamika, ni bora uandike." Nimesoma mpaka darasa la tano tu. Naandika kwanza kwenye daftari kule mgodini Sekenke, halafu nikija mjini nachapa kwa vidole viwili. Mnisamehe makosa.

Siku hii nimeingoja sana. Nilidhani nitaandika kwa furaha, nitaandika kwa herufi kubwa. Badala yake nimelala kwenye gesti ya bei ya chini kabisa, nimeamka na kichwa kizito, na chai sijanywa.

Kwa anayefungua ukurasa huu leo kwa mara ya kwanza, deni lenyewe ni hili. Nilikopa kwa Mzee Abdalla, mfanyabiashara wa hapa mjini, na baba yangu akaweka rehani mizinga yake ya nyuki, arobaini na mitatu. Mwisho wa mwezi wa nne ungefika sijamaliza kulipa, mizinga yote ingekuwa ya Mzee Abdalla, kabla hata asali ya kiangazi haijarinwa. Baba hana ng'ombe. Shamba lake ni la kulia ugali tu. Alicho nacho duniani ni hiyo mizinga, na kila mmoja ameuchonga kwa mkono wake.

Kurasa zote zilizopita nimeandika kwamba deni lilikuwa la pampu ya maji.

Si kweli. Leo nasahihisha.

Duara letu, ndivyo tunavyoliita shimo la kuchimbia, lilikuwa limeanza kutoa. Si dhahabu ya kutajirisha, lakini ya kumfanya mtu atembee kifua mbele. Maji yakaanza kuingia. Mwenye duara akasema atakayeleta pampu ya kuyavuta atapewa mgawo mkubwa kuliko wenzake. Nikapanda gari mpaka hapa mjini, dukani kwa Mzee Abdalla. Mzee huyu ananunua asali Rungwa, anauza pampu kwa watu wa Sekenke, na katikati ya hapo anauza kila kitu kingine.

Niliingia kutafuta pampu. Nikatoka na pampu, jenereta, televisheni, seti ya makochi, zulia na kabati la vioo. Vyote kwa mkopo, vyote kwenye karatasi moja.

Hakuna aliyenilazimisha. Mzee Abdalla mwenyewe aliniuliza, "Makochi haya yanakwenda shimoni?" Nikacheka nikamwambia, "Mzee, na sisi ni watu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Nakumbuka duka la ushirika la kijijini kwetu nilipokuwa mdogo. Palikuwa na mwenye duka, mizani na rafu tupu. Mche wa sabuni ukipatikana mama aliukata kwa uzi, vipande vyembamba, na kila kipande kilikuwa na siku yake. Baba alikuwa na pesa za asali ndani ya debe lakini hapakuwa na cha kununua. Sasa mambo yamegeuka, vitu vimejaa mpaka barazani, na pesa ndiyo haipo. Mtu aliyekulia mbele ya rafu tupu akiona rafu imejaa anapatwa na kitu kama homa. Mimi ilinipata.

Mzee Abdalla akataka dhamana. Nikapanda lori lake mpaka Rungwa, nikalala kwetu siku moja, nikageuza nalo. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, anasuka kamba ya kushushia mizinga. Hajui kusoma. Akasema, "Nisomee."

Nikasoma mstari wa kwanza: pampu ya maji, moja.

Halafu macho yangu yakashuka mpaka chini kabisa, penye jina lake na nafasi ya dole gumba.

"Ndiyo yote?" akauliza.

"Ndiyo yote, baba."

Akaweka dole. Akalipuliza ili wino ukauke. Akasema pampu ni kitu kizuri, mtu anayevuta maji hawezi kukosa. Nakala yake akaikunja akaitia kwenye kopo la tumbaku. Mimi nikapanda lori.

Basi ndilo hilo. Karatasi ilikuwa na mistari sita na mimi nilimsomea baba yangu mmoja.

Pampu ilifanya kazi wiki saba. Masika yakakolea, ukuta wa duara ukaporomoka wakati wote tuko juu tunakula. Namshukuru Mungu kwa ugali ule. Pampu ikabaki chini, na mpaka leo iko chini. Mwenye duara akahamia kwingine, na mimi nikawa kibarua wa kubeba viroba vya mawe kutoka mashimo ya watu wengine mpaka kwenye karasha la kusagia. Mgongo ndio ukawa mtaji.

Lakini jioni nilirudi kukaa kwenye kochi! Chumba changu cha matope kilikuwa na zulia. Vijana wa kambi walijaa kutazama mpira, petroli ya jenereta nikinunua mimi, na sikumtoza mtu kwa sababu waliniita Bosi Mrungwa. Jina hilo lilinigharimu kuliko pampu. Na kabati la vioo lilisimama ukutani limefungwa kwa ufunguo. Ndani yake mlikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kopo la chumvi.

Kilichonitoa usingizini ni paa. Mwaka juzi mwezi wa kumi na mbili, mchana, mvua kubwa ilikuja na upepo, bati likachomoka upande mmoja. Maji yakaanza kuingia juu ya televisheni. Nikachukua blanketi langu, la pekee, nikaifunika televisheni. Mimi nikakaa pembeni, nimelowa, natetemeka. Nilikaa hivyo muda mrefu kabla sijaona nilichofanya.

Blanketi lile nilipewa na baba.

Kwetu, kabla ya kwenda kambi ya asali, baba hutandika blanketi moja chini uwanjani. Tunakwenda msituni mwezi mzima, wakati mwingine zaidi. Kila kitu unachotaka kubeba unakiweka juu ya blanketi: sufuria, shoka, panga, kamba, unga, chumvi. Halafu unafunga pembe nne. Kisipofungika, unatoa kitu. Ukishafunga, unaunyanyua mzigo kwa mkono mmoja. Ukikushinda, unafungua unatoa kingine. Kilichobaki chini hakijadiliwi. Nilipokuwa mdogo nililia kwa sababu ya gari langu la mti, halikuenea. Baba hakunikemea. Alisema, "Msitu hauna mwisho, mgongo unao," akalitundika gari langu kwenye nguzo ya nyumba linisubiri.

Kesho yake jua lilipotoka nikatandika blanketi lile lile, bado bichi, nje ya chumba changu. Nikaweka sufuria. Nikaweka panga, nguo za kubadili, daftari. Nikaweka tezo ya baba, ile ya kuchongea mizinga, ambayo mgodini niliitumia kuchonga miti ya kushikilia kuta za shimo. Nikafunga pembe. Ulinyanyuka bila shida.

Ndani vilibaki vyote nilivyovikopea.

Nikaanza kuuza. Aibu ya kambi mnaijua nyinyi mliowahi kuishi kambini. Mtu akinunua, anaheshimiwa. Akiuza, amefulia, na habari inafika karashani kabla yake. Jenereta na televisheni vilichukuliwa na mwenye baa kwa bei ya kunihurumia. Zulia nilimuuzia sheikh wa kambi, na alilipia kwa awamu tatu. Makochi yalichukua miezi kwa sababu kila aliyekuja alikaa kwanza, akapumzika, akasema atarudi.

Mama Naomi, anayetupikia pale karashani, alinikaribisha kila siku kwa maneno yake. "Mrungwa, leo unauza nini? Usije ukauza mlango tukakukuta umelala uchi, tutakosa hamu ya kula."

"Mlango nitakuuzia wewe kwa mkopo," nikamwambia.

"Mkopo! Neno hilo bado unalo? Ungeliuza hilo kwanza."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na niliporudi chumbani nilikaa chini penye alama ya zulia nikaona kweli anayonena mama huyu.

Chumba nacho nikakiacha ili kodi iende kwenye deni. Nikahamia kwa Jeremia, mtu wa Kinampanda, tuliyekuwa naye kwenye duara lililoporomoka. Jeremia hana kitu. Ana mkeka, koleo na picha ya maksai wake wawili aliyoibandika ukutani mahali wengine wanapobandika wanawake. Mvua za kwanza zikinyesha anakwenda kwao kulima, akishamaliza kupanda anarudi kuchimba. Pesa yake yote ya dhahabu imegeuka plau, mbegu na bati. Siku niliyohamia alitazama mzigo wangu wa blanketi akasema, "Sasa umekuwa mtu. Sisi tunachimba ili tukalime, bwana. Wewe ulikuwa unachimba ili ukae kwenye kochi."

Niliacha sigara. Niliacha bia, halafu soda. Kula ikawa mara moja kwa siku, ugali wa uwele na mlenda, na mama Naomi alinijazia bila kusema neno, ingawa kwa maneno hana uchoyo. Sitaki kusema maisha yale yalikuwa matamu. Njaa si tamu. Lakini nilianza kulala. Nilikuwa na vitu vichache kiasi kwamba nikifumba macho navihesabu vyote, kisha nalala.

Kilichobaki mwisho ni kabati.

Kabati nilikuwa nimemwandikia Zena, mke wangu. Nilimwandikia kwamba nimemnunulia kabati la vioo, fito zake za rangi ya dhahabu, na nikirudi nitarudi nalo juu ya lori, wanawake wote wa Rungwa watasimama kulitazama. Nilimwambia ni pesa ya dhahabu. Zena amemaliza darasa la saba, ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Barua yake ililetwa na Juma, dereva wa lori la asali. Ilikuwa fupi. Baada ya salamu na habari za watoto wetu wawili aliandika: "Kabati sikuomba. Sahani zetu ni nne, zinakaa vizuri kwenye kichanja. Mtoto mdogo ananiuliza baba ana sura gani. Nimjibu nini?"

Barua hiyo niliisoma zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Bado niliendelea kulishikilia kabati. Nililihamishia kwa Jeremia, likachukua nusu ya nyumba, tukawa tunapita kwa ubavu. Nadhani nilijua kwamba siku nikiliuza nitakuwa sina cha kusingizia tena. Mtu anayerudi na kabati ana sababu ya kuchelewa. Anayerudi mikono mitupu, je?

Alhamisi iliyopita nilimuuzia mama Naomi. Ijumaa nilikwenda kula nikalikuta limesimama karashani limejaa maandazi, vioo vimepata mvuke, wateja wanaonyesha kwa kidole: lile, hapana, lile la nyuma. Lina kazi sasa. Nilisimama nikalitazama mpaka mama Naomi akasema, "Usilie, nitakuja kukuonyesha na picha yake." Halafu akanipa andazi bure. Lilikuwa la moto na nililila nikitembea.

Pesa ya kabati ndiyo iliyomaliza deni. Jana Jumamosi nikaja nayo mjini.

Nataka kuandika jana vizuri, kama ilivyokuwa.

Mzee Abdalla alikuwa barazani kwake na kofia yake na miwani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Mrungwa, umekonda." Nikamwambia deni lilikuwa linakula nami sahani moja. Akacheka. Akahesabu, akaandika kwenye karatasi "Imelipwa yote," akapiga muhuri. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka.

Hakunipa. Aliiweka chini ya kopo la kalamu, akaagiza chai, akasema, "Kaa kwanza."

Mtu mwenye habari njema hakwambii ukae.

"Baba mzima?" nikauliza.

"Mzima. Si ugonjwa." Alivua miwani. "Juma amerudi na lori juzi kutoka kwenu. Baba yako amefuta alama."

Hapa lazima nieleze. Kwetu kila mzinga una alama ya mwenyewe, imechongwa kwenye ubavu. Ya kwetu ni mistari mitatu mifupi na duara dogo chini yake. Baba aliipokea kwa babu, babu kwa baba yake. Mzinga wenye alama hauguswi, hata ukining'inia juu ya njia na asali inadondoka. Usio na alama ni wa atakayeutia yake kwanza. Ndiyo sheria ya msituni na hakuna polisi anayeisimamia.

Sikuelewa. Nikamwambia Mzee Abdalla kwamba tarehe bado, ni mwisho wa mwezi wa nne.

"Wallahi mimi sikumtuma mtu," akasema. "Nilipoambiwa nilikasirika. Mimi nafanya biashara, mwanangu, siibi. Amefanya kwa hiari yake. Kila mzinga amekwangua alama ya ukoo ili watu wangu wakija watie yangu."

"Lakini mizinga ipo juu ya miti."

"Alipanda."

"Mzee, baba anakaribia miaka sabini."

"Juma alimwambia hivyo hivyo. Akajibiwa, 'Nilipanda kuiweka, nitapanda kuitoa.' Kwa kamba yake, mti mmoja baada ya mwingine. Amefanya kazi hiyo tangu mwezi wa kwanza."

Chai ililetwa. Nikaishika.

Mzee Abdalla akaniambia yaliyobaki polepole, na namshukuru hakuyapamba. Mwezi wa kwanza baba alimpa Juma lile kopo la tumbaku akamwomba amsomee karatasi. Hakumpa Zena, ambaye wanakaa naye nyumba moja na anasoma vizuri. Nimewaza jambo hili usiku kucha. Nadhani hakutaka mke wangu ajue. Juma akasoma: pampu ya maji, jenereta, televisheni, seti ya makochi, zulia, kabati la vioo. Baba akauliza, kabati ni la nini ndani ya shimo? Juma akasema hajui. Baba akacheka kidogo, akaichukua karatasi yake, akaikunja.

Juma alimwambia asubiri, huenda kijana atalipa. Baba akajibu, na Mzee Abdalla aliyasema maneno haya akitazama barabarani, si usoni kwangu:

"Aliyenisomea nusu atalipa nusu. Sitaki watu wa mjini waje kuikwangua alama ya baba yangu kwa panga. Nitaikwangua mwenyewe, taratibu."

Sikulia. Nilitazama ngozi ya maziwa ikijikunja juu ya chai. Nilikuwa na ushahidi wote mezani: karatasi, muhuri, maneno "imelipwa yote." Nimelipa yote. Wiki ile ile niliyouza kochi la mwisho, nikijiona mwanaume, baba alikuwa juu ya mti ananifuta.

Halafu Mzee Abdalla akasema, "Amebakiza mmoja."

Alisema Juma aliuona kwenye mti wa mninga karibu na kijito, mdomo wake umepinda. Akamwambia baba, mzee, huu umeusahau. Baba akasema, "Huo si wangu. Ni wa mwanangu. Siwezi kuweka rehani mali ya mtu kwa deni la mtu huyo huyo."

Kwetu mzinga wa kwanza anaouchonga mtoto ni wake mpaka anakufa. Hata baba yake akitaka kuurina anaomba ruhusa. Wangu niliuchonga nikiwa na miaka kama kumi, kwa tezo kubwa kuliko mkono wangu, ukatoka mdomo umepinda kama wa mtu aliyeumwa na nyuki. Nilitaka kuuchoma moto. Baba alicheka mpaka akakaa chini, akautia alama ya ukoo, akautundika pale kwenye mninga pamoja na ya wazee. Mwaka ule ule nyuki wakaingia. "Nyuki hawamtazami fundi," alisema.

Kwa hiyo alama ya kwetu imebaki msituni mahali pamoja tu. Kwenye mzinga wangu mbaya.

Mzee Abdalla alinipa karatasi. Akataka kunipa na nauli. Nilikataa. Kusema kweli nilitaka kuipokea, nauli ya Rungwa si mchezo na lori lake halirudi kule mpaka mwezi ujao. Lakini niliona kama naanza karatasi nyingine. Akasema, "Basi msalimie mzee. Mwambie Abdalla hana dai lolote, na mtu wangu hatagusa mti." Nikatoka, nikatembea mpaka ziwani, Singidani, nikakaa juu ya jiwe na karatasi mfukoni. Upepo ulikuwa mkali nikaushikilia mfuko mzima kwa mikono miwili, kana kwamba kuna wa kuiba.

Niliwaza kurudi Sekenke. Naandika hili kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Niliwaza nirudi nibebe viroba mwaka mmoja zaidi, nipate cha kupeleka, nisiingie kwa baba na blanketi tu. Nilikaribia kabisa kujishawishi. Halafu nikagundua kwamba hilo ndilo kabati, limerudi kwa sura nyingine.

Na kuna jambo la haraka kuliko aibu yangu. Mizinga arobaini na mitatu inaning'inia msituni bila alama. Deni limelipwa, lakini msitu haujui. Mpita njia yeyote mwenye panga anaweza kutia yake, na hatakuwa mwizi. Baba hawezi kuipanda tena yote. Jinsi alivyoimaliza mara ya kwanza sijui, na sitaki kuwaza mikono yake.

Mzigo wangu nimeufunga asubuhi hii sakafuni gesti. Nimekuja nao mjini wote, haukuwa mzito wa kuacha. Sufuria, panga, nguo, daftari, tezo. Karatasi nimeiweka ndani ya daftari. Tezo nimeinoa kwenye jiwe la mlangoni mpaka mhudumu akaja kuuliza ninafanya nini. Jeremia nitamwachia salamu kwa dereva wa Sekenke. Nusu ya nyumba yake sasa ni yake.

Nikifika sitaanza na "imelipwa." Nitamsalimia baba, nitakaa chini, nitamwomba lile kopo la tumbaku. Nitamsomea karatasi yake kutoka juu, mstari kwa mstari, yote sita, na kwenye kabati sitapunguza sauti. Zena akiwepo na asikie. Baada ya hapo ndipo nitamwonyesha muhuri.

Sijui atasema nini. Huenda hatasema kitu. Huenda atasema alama iliyofutwa na mwenyewe hairudishwi na mtoto. Simjui vizuri mtu anayepanda miti arobaini na mitatu ili kujifuta kwa heshima. Nilidhani namjua, lakini nilikuwa nikimsomea nusu.

Nitamwomba kamba yake. Nitaanza kwenye mninga, nitaitazama alama ile ya mzinga wangu, nitaipima kwa vidole, kisha nitakwenda mti kwa mti kuinakili. Je, atakuja kusimama chini kunishikia kamba?

Dada Neema anasema dakika zangu zimekwisha, ila niendelee, leo hakuna wateja. Sina cha kuendelea. Basi la Itigi linaondoka Jumanne alfajiri. Kutoka Itigi kwenda Rungwa nitadandia gari lolote litakalokuwepo, na kama tope limezuia magari nitatembea mpaka nipate gari huko mbele. Zena, kama kuna mtu wa huko anayesoma ukurasa huu akufikishie: mwambie mtoto baba yake ana sura ya mtu aliyekonda, amebeba blanketi.

Natarajia kufika Ijumaa kabla jua halijazama.